Chupa Isiyo na Mahali

Alikuja shuleni kwetu mwaka wa njegere. Mtu wa Kilolo wa umri wangu ukimwambia mwaka wa njegere hakuulizi tena ni upi. Mvua ilikata barabara sehemu tatu, malori yakashindwa kupanda, na njegere tulizolima za kuuza mjini zikabaki kwetu. Tukazila. Njegere na viazi, njegere na ugali, njegere tupu, njegere zilizopondwa za watoto wasio na meno na za wazee wasio na meno. Mimi nilikuwa mpishi wa sekondari ya kata, na nilizipika mpaka mwiko wangu ukageuka kijani. Wanafunzi waliziita risasi.

Basi mwaka huo, siku ya ukungu mzito, akatokea mwanamke anapanda kilima kwa miguu, mabuti ya mvua miguuni, sanduku la mbao kichwani, na nyuma yake mwenye pikipiki anamlilia amsaidie kubeba. Hataki. Alilitua sanduku mlangoni kwangu kwa sababu jiko ndilo lililokuwa karibu.

"Kamwene, Mwalimu. Umebeba mayai?"

"Kamwene, mama. Nimebeba watu wa chini ya bahari. Wamesafiri vizuri kuliko mimi."

Nikampa njegere.

Jina lake silitaji. Alikuwa mwalimu wa bailojia, na sisi tulimwita Mwalimu wa Bahari, yatosha. Ninaandika habari zake kwa sababu nyumbani kwangu wapo wanaosema alimharibia mjukuu wangu, Agripina, masomo yake kwa neno moja alilokataa kuliandika. Neno lenyewe ni jina la mahali. Herufi sita. Nami nasema, kama kuna mtu wa kulaumiwa kwanza, ni mimi. Nitafika huko. Kwanza mjue alikuwa mtu wa namna gani.

Alikuwa mfupi, na alitembea ametanua miguu kidogo kama mtu anayesimama juu ya kitu kinachoyumba. Miaka ya boti, alisema. Alivaa sweta mbili, ya kijivu chini na ya kahawia juu, Januari mpaka Desemba, na vidole vyake vilikuwa na makovu madogo madogo ya kukatwa na makombe ya baharini. Kabla ya ualimu alikuwa na kazi pwani, ya kuchota tope. Ndiyo, tope. Wanateremsha chombo kwa kamba mpaka chini ya bahari, kinauma chini, wanakipandisha, na yeye analiosha lile tope kwenye chekeche mpaka wabaki wadudu peke yao.

"Umesoma miaka yote hiyo," nikamwambia, "ukaenda kuosha tope?"

"Na wewe umeosha masufuria miaka mingapi?"

Tukaelewana kuanzia siku hiyo.

Mtu wa bahari, lakini kuogelea hajui. Aliniambia mwenyewe, bila aibu. Na samaki hali. Siku ya dagaa alikuja jikoni na sahani yake kuomba njegere, wakati shule nzima inashukuru Mungu kwamba leo si njegere.

"Unawaogopa, Mwalimu?"

"Siwaogopi. Najua wanachokula."

Alikuwa mwizi pia. Nasema wazi, maana nikimpamba hatakuwa yeye. Peni yako hakuichukua, wala kitabu, wala chumvi ya shule. Lakini maua! Akipita kwenye ua wa mtu, mkono unatoka, kijiti kimevunjika, kimeingia mfukoni mwa sweta. Mchungaji wa Kilutheri wa kijijini kwetu alimfumania kwenye maua yake mekundu.

"Mwalimu, si ungeomba tu?"

"Ningeomba ungenipa kijiti kimoja, Mchungaji."

Mchungaji alipokwenda kumtembelea akakuta maua yake yote uani kwa Mwalimu, yamepandwa kwa mstari, yamenawiri kuliko ya kwake. Alisimama pale anacheka. Na kila mche una kikaratasi kwenye kijiti: kwa Mchungaji, upande wa kisima, siku fulani. Mwizi anayeandika alichoiba na alipokiiba, mimi sijaona mwingine.

Na uongo alikuwa nao mmoja, wa chakula. Ukimkaribisha anasema ameshiba. Hajala tangu jana, lakini ameshiba. Nilijifunza kutomwuliza. Naweka sahani, nageuka kuchochea moto, nikirudi sahani ni nyeupe. Katika mengine yote ulimi wake ulikuwa umenyooka mpaka unakera. Binti mmoja alimwuliza, "Mwalimu, nitafaulu?" Akamtazama. "Kwa unavyosoma sasa, hapana." Binti akalia wiki nzima, akasoma kwa hasira, akafaulu. Alipokuja kumtambia Mwalimu akaambiwa, "Nilisema kwa unavyosoma wakati ule." Basi.

Darasa lake lilitazamana na jiko langu, na yeye alikuwa na sauti ya kushindana na injini. Mimi niliishia darasa la tatu. Lakini elimu ya chini ya bahari ninayo, niliipata nikichambua maharage.

Siku ya kwanza alianza hivi: "Fikirini mama aliyeshikamana na jiwe. Miguu hana. Tangu alipolishika mpaka anakufa hasogei hata hatua moja. Sasa niambieni, atapataje wajukuu mbali kuliko hapa na Mbeya?"

Mimi huku jikoni nikajibu kwa sauti, "Kwa kuwatuma watoto!"

Wakaangua kicheko. Mwalimu akachungulia dirishani. "Mpishi amepata. Nyinyi risasi zimewapanda kichwani."

Akawaeleza. Mtoto wa mdudu wa chini ya bahari hafanani na mama yake hata kidogo. Ni kitu kidogo kisichoonekana kwa macho, kina vinyweleo, kinaelea. Mama anawaachia majini kwa maelfu, na bahari ina mikondo, mito inayopita ndani ya maji, ndiyo inayowachukua. Wengi wanaliwa njiani. Wengine wanapelekwa mahali pasipo na kitu cha kushika, wanakufa. Wachache wanashuka chini, wanagusagusa, wanaonja. Hapa pana mwamba? Pana wenzangu? Pakiwafaa wanashika, umbo linabadilika, wanakuwa kama mama, na hawatoki tena.

Watoto wetu walikuwa hawajaona bahari, na wengine hata ziwa. Akaja kwangu kuomba debe la pumba za mahindi. Akawapeleka kwenye mfereji wa kumwagilia, wakazimwaga kule juu, kisha wakateremka nazo wanakimbia kando. Nami niliacha sufuria nikaenda. Pumba nyingine zilinasa kwenye mizizi. Nyingine ziliingia kwenye kona ya maji zikawa zinazunguka tu kama walevi. Chini kabisa, kwenye bustani ya mganga wa zahanati, wakahesabu zilizofika. Kumi na saba. Debe zima, kumi na saba!

Mganga akatoka. "Mwalimu, mbona unanimwagia takataka?"

"Nimekutumia wajukuu," alisema, hata hakumtazama, anaandika.

Wapo wanaotembea wenyewe. Jongoo bahari anajikokota anakula tope. Jina hilo liliwafurahisha sana, maana jongoo huku tunamfagia nje kila mvua ikinyesha. Yupo wa mikono mitano, myembamba kama mikia ya panya, anajivuta kwa mikono yake, na ukimshika anakuachia mkono anakwenda zake. Huyo mumshike vizuri, kisa chetu ni chake. Wapo wanaopanda magogo yanayoelea, na siku hizi chupa za plastiki. Wapo wanaoganda matumboni mwa meli. Na wapo wanaoingia ndani ya maji ambayo meli inayanywa bandari moja ili isiyumbe, kisha inayatapika bandari nyingine, na mtoto wa mdudu anajikuta ugenini.

"Kwa hiyo ukimkuta mdudu mahali," alisema, "swali ni moja. Alikuwapo siku zote, au ameletwa?"

Swali hilo alilipeleka hata kwa watu. Tulikuwa na mwanafunzi, Masanja, wazazi wake walitoka kaskazini na ng'ombe wakafika Usangu, naye akaletwa kusoma kwetu. Wenzake wakamtania, mgeni, mgeni, rudi kwenu. Mwalimu akaingia na kiazi mkononi.

"Hiki kilitoka wapi?"

"Shambani kwa babu!"

"Kabla ya babu?"

Akakiinua kile kiazi.

"Hata hiki kililetwa. Na babu zenu wa babu zenu walitoka mahali. Tofauti yenu na Masanja ni tarehe tu. Kaeni chini."

Alikuwa na sheria ya mambo matatu: mahali, siku, mkono. Kitu kilipopatikana, siku kilipopatikana, na mkono wa nani ulikitoa. Kitu kisicho na hayo matatu, kwake kilikuwa pambo. Kila mdudu wake alikaa kwenye chupa ya spiriti asioze, na humo ndani ya chupa kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli. Ndani, si nje. Cha nje kinabanduka. Penseli, si wino. Wino unayeyuka kwenye spiriti, penseli inabaki. Hayo mimi niliyajua baada ya kufanya nilichofanya.

Ilikuwa wiki ya wakaguzi. Mwalimu amekwenda Iringa mjini kusahihisha mitihani. Mkuu wa shule akanipa ufunguo wa maabara. "Mama, nataka pang'ae."

Mimi nikisafisha, nasafisha. Nikazikuta chupa kwenye rafu. Maji yake yamekuwa ya njano kama mkojo, na ndani ya kila chupa karatasi imelowa pamoja na mdudu. Nikasikitika. Msomi mzima! Mpishi akiona karatasi ndani ya sufuria anajua hapa pana uzembe. Nikaanza na rafu ya chini. Nikafungua, nikamwaga, nikaopoa vikaratasi, nikasugua chupa kwa majivu mpaka zikalia, nikawasuuza wadudu mmoja mmoja, nikawarudisha. Halafu nikafikiri, hawa wametoka baharini, watataka chumvi. Nikawawekea maji ya chumvi, kijiko kimoja kila chupa. Nilijiona mtu mwenye akili sana. Chupa nne zilikuwa tayari maharage yalipofurika jikoni, nikakimbia. Vikaratasi nilikuwa navyo kwenye aproni. Nikachochea navyo moto.

Alirudi Ijumaa. Alifungua mlango wa maabara akanusa tu, na kabla sijasalimia alikuwa ameshashika dumu la spiriti.

"Nani?"

"Mimi, Mwalimu."

"Vikaratasi viko wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni wapi?"

"Ndani ya moto."

Akakaa kwenye stuli. Nikasubiri matusi. Nilikuwa tayari kupigwa hata kwa dumu. Akauliza, "Wakaguzi walisemaje?"

"Walisema maabara ni safi kuliko zote walizoziona."

Akacheka. Anacheka na machozi yanashuka, hayafuti.

Chupa tatu alizipata kwenye daftari lake, akaziandikia upya. Ya nne haikuwamo. Ndani yake alikuwa yule wa mikono mitano. Mwalimu alipewa huyo na mwenzake wa kazi wiki yake ya mwisho kule pwani. Wiki hiyo boti mbili zilirudi, moja ya upande wa Tanga, moja ya upande wa Mtwara, na tope lote likaoshewa meza moja. Mwenzake alimtoa huyu mdudu, akaandika karatasi, akamtia chupani, akampa kama zawadi ya kuagana. Mwalimu aliisoma mara moja, akafunga sanduku. Huyo mwenzake ameshafariki. Tanga ni kaskazini kabisa, Mtwara ni kusini kabisa, bahari yetu nzima iko katikati yao.

Alichukua kikaratasi kipya. Akaandika siku. Akaandika mkono wa nani. Kwenye mahali akapiga mstari mtupu.

"Mwalimu, weka hata Dar es Salaam," nikamwambia, maana mstari ule ulikuwa unanichoma. "Nani atajua?"

"Mama, ukipika ukasahau kama umetia chumvi, unatia tena?"

"Naonja kwanza."

"Mimi siwezi kuonja."

Kwa mkuu wa shule hakunishitaki. Adhabu yake ilikuwa nyingine: kuanzia Jumatatu ile nikawa naandika. Kila gunia la stoo likapata kikaratasi ndani, mahali, siku, mkono. Mwandiko wangu ulikuwa kama kuku amepita. Alinirudisha mara tatu, mara nne. "Hii ni M au ni nyumba imeanguka?" Siku mwuza maharage alipotuletea yenye wadudu akakana kwamba si yake, niliingiza mkono kwenye gunia nikatoa karatasi. Akanywea. Ndivyo nilivyojifunza kuandika hivi mnavyosoma. Aliyenifundisha ni mtu niliyemchomea karatasi zake.

Sasa Agripina.

Agripina nimemlea mimi. Alikuwa kidato cha kwanza mwaka ule wa njegere, na jioni alinisaidia kuosha sahani akiwa ananirudishia somo lote la bahari kwa sauti ya Mwalimu. Wenzake walitaka unesi, yeye akataka tope. Leo yuko chuo pwani, anasomea digrii ya pili, ya hao hao wadudu. Nina picha yake amevaa mpira mwili mzima kama chura, anaingia majini. Nimeibandika karibu na Bikira Maria, na padri alipoitazama nilimwambia, "Huyo ni wangu." Babu yake alikufa hajafika Makambako.

Kazi yake ni hii, na nitaisema kama alivyoniambia. Yule wa mikono mitano, wa aina ile, sasa anaonekana Mtwara. Wakubwa wake wanasema ni mgeni, ameletwa na meli juzijuzi. Agripina anasema hapana, alikuwapo siku zote, ni mikondo iliyomfikisha zamani, watu hawakuchota tope la kutosha tu. Anachohitaji ni mdudu mmoja wa zamani aliyetoka Mtwara. Mmoja! Katika madaftari ya kule pwani ametafuta, hakuna. Mdudu wa zamani wa aina ile anayemjua yeye ni mmoja, yumo ndani ya chupa ya Mwalimu, na kwenye mahali pana mstari.

Mwalimu alikuwa ameshastaafu, anaishi Mbalizi, kule Mbeya. Agripina alikuja kwangu likizo, akampigia simu, akaweka sauti ya juu nasi tusikie. Tulikuwa mimi na baba yake. Agripina hakumzunguka. Akamweleza yote, akamwambia ile chupa ikiwa ya Mtwara nusu ya kazi yake inasimama imara, na kama si ya Mtwara nusu hiyo inatoka kabisa.

"Wewe unafikiri ni ya wapi?" Mwalimu akauliza.

"Ninatamani iwe Mtwara."

"Hilo ni tamanio. Mimi nimejaribu miaka yote. Naiona ile karatasi, naiona penseli yake, neno silioni. Sikumbuki, na siandiki nisichokumbuka."

Agripina akasema, "Sawa, Mwalimu. Shikamoo." Akakata simu, akaenda kukaa nyuma ya nyumba juu ya kinu kilichopinduliwa.

Baba yake ndiye aliyelipuka. "Herufi sita! Mtu anakataa kuandika herufi sita! Amemtuma mtoto kwenye hiyo bahari yake, sasa anamwachia mkono!"

"Baba," Agripina akaita kutoka kule nje, "akiandika bila kujua, halafu ikajulikana, mimi ndiye nitakayefukuzwa."

"Itajulikanaje? Nani atamwuliza mdudu?"

Baadaye Agripina akaniambia peke yangu, "Bibi, najua unachowaza. Usiende Mbalizi."

Nilikwenda Mbalizi. Agripina hakunituma, na ninaliandika hili hapa ili mtu yeyote asije kumsingizia. Nilikwenda kwa mguu wangu na kwa kichwa changu. Nilibeba viazi na njegere mbichi, na moyoni nilibeba neno.

Nilikuwa nimesikia kwamba Mwalimu amezeeka ghafla, kwamba anasahau. Nilimkuta uani kati ya maua ya wizi, sweta zote mbili mwilini. Alinijua. "Mpishi!" Tukakumbatiana. Kisha akaniuliza, "Watoto wamekula?" Nikamwambia ndiyo. Tukakaa, nikaanza kumenya njegere. Baada ya muda akauliza tena, "Watoto wamekula?" Aliuliza wanafunzi wa shule yetu, na shule hiyo nilishaiacha, wote wawili tulishaiacha. Nikasema, "Wamekula, Mwalimu." Nikajua kwamba niliyoyasikia ni kweli, na nikajua pia kwamba siku niliyoitaka nimeipata. Mungu ananiona.

Nikasema taratibu, macho yangu kwenye njegere, "Mwalimu, ile chupa yako ya Mtwara bado unayo?"

"Ipi?"

"Ya Mtwara. Yule wa mikono mitano. Uliyopewa wiki ya kuagana."

Aliingia ndani. Alikaa huko kitambo, nikasikia anasogeza vitu. Akarudi nayo ameikumbatia, ile ile niliyoisugua kwa majivu. Mdudu amekuwa mweupe, mkono mmoja umekatika, umelala chini peke yake.

"Ya Mtwara," akasema.

Nikadakia, "Hasa! Ya Mtwara. Boti ilitoka Mtwara, tope la Mtwara. Iandike, Mwalimu, usije ukasahau."

"Kweli. Mtu anasahau." Akafungua kifuniko, akakiopoa kikaratasi kwa kibano, akakiweka juu ya kibao kikauke. Akachonga penseli kwa kisu, taratibu, kama zamani. Akaandika M. M nzuri, iliyosimama. Mimi niliacha kumenya. Nilimwona Agripina wangu amevaa joho.

Penseli ikasimama.

Akaitazama ile M. Akanitazama mimi. Na macho yalikuwa ya Mwalimu wa zamani kabisa, yule wa kumwambia binti hapana usoni.

"Mama. Neno Mtwara, humu uani, limetoka kwa nani kwanza? Kwangu au kwako?"

Ningesema kwako, angeamini. Nataka mjue hilo, wanangu mnaomlaumu. Kichwa chake hakikuwa na namna ya kunipinga, na yeye alijua, ndiyo maana aliuliza. Aliniwekea uamuzi mkononi mwangu. Nilitazama zile njegere. Nilitaka kusema kwako. Mdomo ulifunguka.

"Kwangu," nikasema.

"Mimi kabla ya leo niliwahi kukutamkia kwamba ni Mtwara?"

"Hapana."

Akalamba kidole, akaifuta ile M. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka kidogo pale. Hapo mimi nikapiga magoti chini, mwanamke mzima mwenye vitukuu, nikashika mabuti yake.

"Mwalimu, ni mjukuu wangu! Ulimtia wewe kwenye hiyo bahari. Karatasi nilichoma mimi, nihukumu mimi. Lakini yeye mwandikie. Utakufa, nami nitakufa, hakuna atakayejua!"

Aliniinua. Sikudhani ana nguvu ile. Alinikalisha kwenye kigoda changu, akanirudishia bakuli la njegere mapajani, akakirudisha kikaratasi ndani ya spiriti na mstari wake mtupu. Akafunga kifuniko, akakikaza kwa mikono miwili.

"Mwambie Agripina achote tope jipya," akasema. "Achote mpaka mikono imwume. Mimi chupa hii nitampa, ni yake, lakini nitampa kama ilivyo."

"Na hiyo nusu ya kazi yake?"

"Itoke."

"Mwalimu, nakuomba kwa mara ya mwisho."

Alinitazama bila hasira hata kidogo.

"Sikumbuki, na siandiki nisichokumbuka."